Viraka vya marehemu na pamba iliyofika Lusangi

Mwaka 1942, huko Gee's Bend, Alabama, Missouri Pettway alikuwa amefiwa na mumewe. Alizichukua nguo za kazi alizoziacha marehemu, akazikata na kuziunga kuwa blanketi la viraka ili amkumbuke na ajifunike nalo. Binti yake Arlonzia alimsaidia, na ndiye aliyesimulia habari hiyo baadaye. Ndani ya blanketi hilo mna kodrai na vitambaa vya magunia. Leo limehifadhiwa katika jumba la taifa la sanaa, Washington.

Mtu wa Lusangi, upande wa Kasongo na Kabambare, ana sababu ya kuisikia habari hiyo. Pamba ya Marekani iliwahi kuingia nchi hii kwa njia chungu. Watumwa wa kusini mwa Marekani waliilima, viwanda vya Massachusetts vikaifuma, meli za Salem zikaileta Unguja. Kutoka pwani, wapagazi waliibeba kupitia Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika kuelekea Manyema, ambako baadaye alitawala Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Hiyo ndiyo merikani. Huku ilikuta viramba, nguo za nyuzi za mwale zilizofumwa na wenyeji wenyewe. Merikani ikanunua pembe, ikanunua na watu: jasho la mtumwa wa ng'ambo likawa bei ya mtumwa wa bara. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoikatiza, nguo za Bombay zikachukua sehemu ya nafasi yake.

Baadaye wakaja Wabelgiji: majeshi ya Dhanis, afisa wao, yaliiteka Kasongo Aprili 1893. Kisha, mwaka 1917, serikali ya Wabelgiji ililazimisha kilimo cha pamba, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Aliyekataa alipata jela au fimbo. Mkulima aliuza pamba kwa bei aliyopangiwa, kisha kitambaa akakinunua dukani. Kwa hiyo sikubali mtu anaposema kikwembe cha bibi ni kitambaa tu. Watu wa huku wameilipia nguo kwa miili yao.

Nasi tunaweza kushona blanketi kama la Missouri Pettway. Lakini nguo za marehemu ni sehemu ya mirathi, basi warithi waulizwe kwanza kabla ya mkasi. Wakiridhia, kazi yenyewe haihitaji cherehani. Fua kila kitu, hata shuka utakayoiweka nyuma, kwani kitambaa kipya hurudi kikilowa. Magoti na makwapa huwa yamekwisha. Kata mgongo wa shati, sehemu ya chini ya suruali, pindo la kikwembe ambalo rangi yake bado imekolea. Mfuko wa shati usiubandue, uache pale alipokuwa akitia mkono. Unga viraka kwa mistari, mstari kwa mstari, kisha weka shuka nzima kwa nyuma na upitishe uzi katika tabaka zote.

Ndugu zangu wa Lusangi, mnapogawa nguo baada ya arobaini, bakizeni chache. Na kwenye ile shuka ya nyuma, shoneni kwa uzi jina la marehemu, kijiji chake na mwaka aliofariki.