Mwalimu wa Kemia na Lugha ya Darasani

Kujua kemia hakutoshi kumfanya mtu mwalimu wa kemia. Ndiyo maana baadhi ya wahitimu wa vyuo vikuu walioletwa kutoka Marekani kuanzia mwaka 1961 walisomea kwanza ualimu huko Makerere, ndipo wakapelekwa katika shule za sekondari za Kenya, Uganda na Tanganyika. Walifundisha kwa Kiingereza. Lakini mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania. Hivyo mwanafunzi wa sekondari akakutana na mwalimu wake kwa lugha mbili. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Istilahi zipo, yafaa mwalimu naye afunzwe kuzitumia.