CHUMVI BILA MBOGA: MANENO MAWILI YA KIINGEREZA TUNAYOYACHANGANYA



Ndugu yangu katika imani, Uislamu ukiandikwa vibaya utasikia wasomi wetu wakisema, "Hiyo ni caricature." Wengine husema, "Ni misrepresentation." Wanayachukulia kama pacha. Si pacha, na ukiyachanganya utajibu usichoulizwa.

Caricature asili yake ni Kiitaliano, caricare, yaani kupakia mzigo. Mwishoni mwa karne ya 16 wachoraji wa Bologna, akina Annibale Carracci, walichora sura za watu na kuzipakia kile zilichonacho: pua ndefu ikazidi urefu. Sisi tunasema kutia chumvi. Lakini chumvi haitiwi pasipo mboga. Lazima pua iwepo, na mtazamaji aijue, ndipo acheke.

Misrepresentation ni neno la mahakamani zaidi: kueleza jambo kinyume na lilivyo, mwenzako akakuamini. Na si lazima uwe na nia mbaya! Katika kesi ya Derry na Peek, 1889, kampuni ya tramu ilikuwa imewatangazia wanunuzi wa hisa kwamba ina haki ya kutumia mvuke. Haikuwa nayo. Majaji wa juu wa Uingereza wakaamua kwamba wakurugenzi hawakufanya ulaghai, kwa kuwa waliamini walichosema. Hata hivyo, walichosema hakikuwa kweli. Caricature haifanywi kwa bahati mbaya. Misrepresentation yaweza kufanywa na mtu mkweli aliyepotoshwa.

Na moja huweza kugeuka nyingine. Mwaka 1803 James Gillray wa London alimchora Napoleon amesimama kwenye kiganja cha Mfalme George III. Hakuna aliyedhani mtu mzima anaenea kiganjani. Lakini Waingereza wengi hawakuwahi kumwona. Dhihaka ikasahaulika, ufupi ukabaki, na mpaka leo utaambiwa Napoleon alikuwa kibete. Kimo chake kilikuwa karibu sentimita 168, cha kawaida kabisa kwa Mfaransa wa zama zake. (Inchi ya Kifaransa ilikuwa ndefu kuliko ya Kiingereza, nayo ikazidisha mkanganyiko.) Mchoro ni uleule, aliyebadilika ni mtazamaji.

Sasa njoo kwetu. Utenzi wa Kifaransa wa Roland, wa karibu na mwisho wa karne ya 11, unawaonyesha Waislamu wakiabudu masanamu matatu, moja likiitwa kwa jina la Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam). Subhanallah! Usiiite caricature. Angekuza rakaa zetu au udhu wetu, sawa. Msikitini hakuna sanamu hata dogo la kukuzwa! Hapa mboga haipo. Na msikilizaji ambaye hajawahi kumwona Muislamu angejuaje?

Kosa likaota mizizi mpaka kwenye lugha. Kiingereza cha zama za kati kilikuwa na neno maumet, maana yake sanamu la kuabudiwa, lililotokana na jina hilohilo kupitia Kifaransa.

Na kinachouma ni kwamba mwaka 1143 Robert of Ketton alikwishaitafsiri Qur'ani kwa Kilatini. Tafsiri ilikuwa na kasoro nyingi, lakini aliyeisoma hakuweza tena kusema tunaabudu masanamu. Ilichapwa Basel mwaka 1543, baada ya miaka 400. Msomaji wa Kiingereza alisubiri mpaka 1649, akapewa tafsiri iliyopitia Kifaransa. Ya George Sale, aliyefanya kazi na Kiarabu chenyewe, ilitoka 1734.

Wallahu a'lam.