Chuma cha Jikoni Kandokando ya Ziwa

Watu wengi hudhani ya kuwa historia ya nchi imo katika vita na majina ya watemi tu. Lakini nyumba nayo ina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imo jikoni. Katika habari hizi twataka kueleza vyombo vya chuma vilivyotumika zamani katika nyumba za Mwanza na nchi zilizo kusini mwa Ziwa Victoria, tuonyeshe jinsi ya kuvitambua, na kwa nini yatupasa kuvikusanya.

Twaandika kwa sababu vyombo hivyo vinatoweka mbele ya macho yetu. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita vijijini na mizani zao. Kwao chungu kizito cha bibi, pasi ya mkaa, na jembe lililolika ni mali moja, yaani kilo kadha wa kadha. Vikiisha kutiwa guniani havina tena jina wala mwenyewe. Huyeyushwa tanuruni, vikatoka nondo. Hatuwalaumu wanunuzi, maana watafuta riziki. Wala hatumlaumu mama auzaye chungu kilichopasuka apate fedha ya chumvi. Neno letu ni hili, ya kwamba auzaye ajue kwanza anauza nini.

Na tuanze na jiko la zamani. Katika nyumba ya Msukuma au ya Mkerewe, kabla ya vyombo vya ng'ambo kuenea, mafiga yalikuwa mawe matatu, chungu kilikuwa cha udongo, mwiko wa mti, na kinu cha mti vilevile. Nafaka ilisagwa juu ya jiwe, na maji yalitekwa kwa kibuyu au mtungi. Chuma kilikuwa kidogo sana. Kilikuwamo kisu, na nje mlangoni lilikuwako jembe lililoleta chakula, pamoja na shoka lililoleta kuni. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu, hakikutupwa. Jembe lililokwisha kulika kwa kulima lilirudishwa kwa mhunzi, likafuliwa tena, likawa kisu au chombo kingine kidogo. Basi kisu cha kale ukionacho leo kwa bibi yako huenda kiliwahi kulima mtama.

Chuma hicho kilitoka wapi? Wahunzi mashuhuri katika nchi hizi walikuwa Warongo wa Uzinza, katika nchi za Geita na Biharamulo. Hao walichimba mawe yenye chuma, wakachoma makaa ya miti migumu, wakajenga tanuru, wakavukuta kwa mivukuto iliyopitisha upepo katika kewa, yaani mdomo wa udongo. Majembe yao yalivuka mipaka ya nchi nyingi. Wasukuma waliyafuata Uzinza wakabadilishana kwa mali yao, na misafara iliyachukua hata Tabora, ambako inakadiriwa ya kuwa mwishoni mwa karne ya 19 majembe kama 150,000 yaliletwa sokoni kwa mwaka mmoja. Jembe halikuwa la kulimia tu. Lilikuwa kama fedha, na katika nyumba nyingi lilihesabiwa katika mahari.

Ng'ambo ya magharibi ya Ziwa, katika Buhaya, kazi hiyo ni ya kale zaidi. Huko Katuruka, mtaalamu wa Kimarekani Peter Schmidt alichimbua ardhi katika miaka ya 1970, akaonyesha ya kuwa watu walikuwa wakiyeyusha chuma hapo kama miaka 2,000 iliyopita. Wakati huohuo wazee wa Kihaya walijenga tanuru upya ili wataalamu waone kazi yenyewe. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa muda wa miaka 50 hivi, na wazee hao waliikumbuka kwa sababu waliifanya au waliiona katika ujana wao. Kama wangaliulizwa miaka 20 baadaye, pengine asingalipatikana hata mmoja wa kujibu.

Hapa yafaa tueleze jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Chuma cha tanuru za babu zetu kilitoka kikiwa bonge lenye matundu, limechanganyika na mavi ya chuma. Mhunzi alilipiga kwa nyundo lingali jekundu, uchafu ukatoka, kisha akalinyosha apendavyo. Chuma cha namna hiyo ni cha kufua. Hukunjwa, hunyoshwa, na hunolewa. Lakini chungu kizito cheusi, pamoja na pasi ya mkaa na mashine ya mkono ya kusagia nyama, ni chuma cha kusubu. Chuma hicho kimenywa makaa mengi, na kwa hiyo huyeyuka kwa moto mdogo kuliko chuma safi. Hutiririka kama uji, kikamiminwa katika kalibu. Hushika moto kwa muda mrefu, jambo lililo jema kwa mapishi, lakini hakikunjiki. Kikianguka juu ya mwamba hupasuka.

Wachina walijua kusubu chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Katika Uingereza, Abraham Darby alipata hati mwaka 1707 ya kusubu vyungu vya chuma katika kalibu za mchanga, na mwaka 1709 huko Coalbrookdale alianza kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza. Tangu hapo vyungu vya chuma viliweza kufanywa vingi kwa bei ndogo, na watu wasio matajiri wakavinunua.

Lakini kutoka bahari ya Hindi hata Mwanza ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na zamani za misafara kila kitu kilichukuliwa kichwani. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Ni rahisi kuelewa kwa nini wafanya biashara walichagua nguo, shanga na nyaya, ambazo zilikuwa na faida kubwa kwa uzito huohuo, kuliko vyungu vizito. Mhandisi Mskoti Alexander Mackay, aliyehama Buganda mwaka 1887 akakaa Usambiro, kusini mwa Ziwa, mpaka alipofariki mwaka 1890, alijulikana sana kwa kazi za chuma. Na vifaa vyake pia vililetwa kwa taabu ya njia hiyo. Mambo yaligeuka mwaka 1901, reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu, mizigo ikapakiwa melini. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikafika Mwanza yenyewe. Ndipo chuma kizito kilipoweza kufika madukani bila kumlemea mpagazi, na majembe ya viwandani yakashindana na ya Warongo hata yakayashinda kwa bei.

Neno letu “sufuria” nalo lina historia. Limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni shaba. Chombo kilipobadilika, jina lilibaki. Leo sufuria zilizo nyingi ni za aluminiamu, nyepesi, za kuchemsha upesi, na hizo ndizo zilizokifukuza chungu cha chuma kutoka mafigani. Hivyo jiko moja limepita udongo, chuma cha kusubu na aluminiamu, na katika nyumba nyingine bibi wa ukoo amevitumia vyote vitatu.

Mtu atakaye kukusanya vyombo hivi atavitambuaje? Kwanza atazame mshono. Chombo cha kusubu huwa na mstari mwembamba mahali pande mbili za kalibu zilipokutana, na mara nyingi kina herufi au tarakimu zilizoinuka juu ya uso wake. Chombo cha kufua hakina mshono. Kina alama za nyundo, na pande zake hazilingani sawasawa. Jembe la kale lina mkia uliochongoka, unaopenya tundu la mpini. Wala asitegemee umbo peke yake, bali alama za nyundo. Na asikivunje chombo kwa kukijaribu.

Kisha akitunze. Kutu isikwanguliwe mpaka chuma kiwe cheupe, kwa maana pamoja na kutu huondoka alama za mkono wa fundi. Yatosha kusugua kwa brashi, kukikausha vizuri, na kupaka mafuta kidogo sana. Kisipakwe rangi, wala kisitiwe motoni ili kutu itoke. Chungu cha kusubu kilicho moto kisimwagiwe maji baridi. Na mahali palipo na mavi ya chuma na vipande vya kewa shambani pasichimbuliwe ovyo. Hapo palikuwa na tanuru, na zikiisha kuvurugwa hazisomeki tena. Afadhali kuwaarifu wakuu wa Mambo ya Kale.

Lakini kazi iliyo kubwa kuliko zote ni kuandika. Chungu kisicho na maneno yake ni chuma tu. Andika jina lake kwa Kisukuma, Kikerewe au Kizinza, kama mwenyewe asemavyo. Andika kilinunuliwa wapi, kwa nini kilithaminiwa, kilipikiwa nini, nacho kilirithiwa na nani. Pima upana na uzito wake. Kama mwenyewe hataki kukitoa, usimshurutishe. Andika maneno yake, chombo kikae kwake.

Mfano wa kazi hii uko karibu nasi. Huko Bujora, karibu na Kisesa, mashariki ya mji wa Mwanza, Padre David Clement kutoka Quebec katika Kanada alianza katika miaka ya 1950 kukusanya vitu vya Wasukuma pamoja na wazee wenyewe, ikapatikana nyumba ya makumbusho. Humo viko viti na ngoma za watemi, na mahali pa kuonyesha kazi ya mhunzi. Mtoto aendaye huko huona ya kuwa vitu vya nyumbani kwao vinastahili kutunzwa na kusomwa.

Si kila kijiji kiwezacho kujenga makumbusho. Lakini shule iwezayo kupata kabati moja na daftari moja imekwisha kuanza. Sisi walimu tukiwaagiza watoto waulize nyumbani swali moja tu, “Chuma cha zamani kilichomo humu kilitoka wapi?”, baada ya mwaka tutakuwa na habari ambazo hazimo katika kitabu chochote. Wengi wa wazee waliowahi kusikia nyundo za Warongo kwa masikio yao wamekwisha kufa. Wengi wa waliobaki ni watoto na wajukuu wao, waliosimuliwa. Hao nao wamezeeka. Na aulizwe leo yule aliye karibu, kabla mizani haijafika mlangoni.