Kunajisi: nani mchafu?

Habari za mahakamani kutoka Kaunti ya Migori, kuanzia Sori kando ya Ziwa Victoria hadi Rongo, zina kitenzi kimoja kisichokosekana: kunajisi. Mshukiwa "ameshtakiwa kwa kumnajisi mtoto". Asili yake ni Kiarabu. Katika fiqhi ya Kiislamu, najisi ni kitu kama mkojo au damu. Kikigusa nguo, nguo hutoharishwa kwanza ndipo mtu aswali.

Mahakamani neno hili limeingia kwa mlango wa Kiingereza. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya 2006, kifungu cha 8, inataja defilement, yaani kumwingilia mtoto kingono. Kitenzi chake, defile, kina ukoo wa ajabu kidogo: defouler ya Kifaransa cha kale, yaani kukanyaga kwa miguu, ilichanganyika na neno la Kiingereza cha kale la kuchafua. Kukanyaga kukafifia, uchafu ukabaki. Afadhali kungebaki kukanyaga, maana huko angalau tungemuuliza mwenye miguu! Kunajisi kunamtazama mtoto, na doa linamganda yeye.

Tanzania, kitendo hicho akifanyiwa msichana wa chini ya miaka 18, sheria hukiita kubaka, awe alikubali au la. Hapo anayetajwa ni mbakaji. Na sheria ya Kenya haina mzaha na mkosaji: mtoto akiwa na miaka 11 au chini, adhabu ni kifungo cha maisha. Wahariri wenzangu, andikeni "alimbaka mtoto", na najisi tuwaachie mafakihi.