Mji Wetu, Tuzo ya Nani? Kutoka André Yav Mpaka Venice

Mara kwa mara kunapita ku simu zetu tangazo la tuzo ya utafiti juu ya miji. Tuma kazi yako, tuma muhtasari, ngoja jibu. Kule Marekani, kupitia ACSP, chama cha vyuo vinavyofundisha mipango miji, kuko tuzo yenye jina la Gill-Chin Lim, kwa thesi bora ya udaktari juu ya mipango miji ya kimataifa. Hilo neno "kimataifa" njo lilinifanya niandike. Kwa mtu wa kule, Lubumbashi ni kimataifa. Kwa mtoto wa Katuba, ni nyumbani.

Mi naona historia ya mji wetu inatufundisha kitu kimoja juu ya tuzo: haimtafuti mwenye kujua zaidi. Inamfikia mwenye kazi yake imeandikwa, imetunzwa na inaonekana.

Tuanze na mji wenyewe. Élisabethville ilizaliwa 1910, mwaka uleule reli ya kutoka kusini ilipofika. Émile Wangermée, mkubwa wa utawala wa Katanga, alisimamia mwanzo wake, na barabara zikachorwa kwa rula, zikikatana kama karatasi ya hesabu. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1920, Waafrika waliokaa karibu na mji wa Wazungu walisukumwa kusini, pale tunapoita leo Kamalondo. Katikati ikaachwa ardhi tupu, wakaiita zone neutre. Sababu waliyotoa ilikuwa afya: mbu wa malaria, walisema, hawezi kuruka mbali vile. Lakini boyi mwenye kumpikia Muzungu alilala nyuma ya nyumba ya huyo Muzungu, mu parseli ileile. Ni mbu gani huyo mwenye kumtofautisha mpishi na ndugu yake wa Kamalondo?

Sasa, nani aliandika mambo haya? Mu 1951 Ferdinand Grévisse, mtumishi wa utawala wa kikoloni, alitoa kitabu juu ya mitaa ya Waafrika ya Élisabethville. Aliijua sana, lakini aliitazama kutoka ofisini. Mu 1976 Bruce Fetter, mwanahistoria Mmarekani, akatoa kitabu chake juu ya kuzaliwa kwa mji huu, toka 1910 mpaka 1940. Vyote viwili viko na faida mpaka leo.

Kati ya hao wawili kuko mtu wa tatu, na wengi wetu tunamaliza iniversite bila kusikia jina lake: André Yav. Alikuwa mtu wa kazi za nyumbani kwa Wazungu. Mu 1965, kwa jina la chama cha wafanyakazi wa zamani wa nyumbani, aliandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili chetu, hiki cha Lubumbashi, si cha Zanzibar. Aliieleza namna watumishi waliiona: kazi, mishahara, mateso, majina ya mabwana. Iniversite ilikuwa tayari imefunguliwa mu mji huuhuu tangu 1956, lakini kazi ile haikutoka kule.

Kijitabu kile kilipigwa taipu, kikazunguka kidogo, basi. Nakala moja ilimfikia Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha hapa Lubumbashi mu miaka ya 1970, naye akaichapisha 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Miaka 25 ilikuwa imepita. Hesabu vizuri: kama ile nakala ingefungiwa karanga sokoni, leo hatungekuwa na sauti ya boyi juu ya mji aliosaidia kujenga.

Kuanzia 2000, watu wa hapa walishika kazi wenyewe. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, pamoja na Bogumil Jewsiewicki, walikusanya masimulizi ya wakaaji mu mradi wa Mémoires de Lubumbashi. Watafiti wa Observatoire du changement urbain, ya UNILU, waliingia nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanaishi namna gani. Kitabu juu ya familia hizo kilitoka 2003, chini ya uongozi wa Pierre Petit.

Tuangalie sasa ile tuzo kubwa ya maonyesho ya usanifu ku Venice. Mu 2004 Simba wa Dhahabu kwa banda bora alipewa Ubelgiji, kwa maonyesho juu ya Kinshasa yaliyoandaliwa na Filip De Boeck na Koen Van Synghel. Kazi ilikuwa nzuri, sisemi hapana. Lakini mji ulikuwa wa Congo, na banda la Ubelgiji.

Miaka 19 kisha, mu 2023, majaji wa Venice walitaja kwa heshima ya pekee kazi ya studio ya Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi aliyesoma UNILU. Ni yeye huyu aliyetengeneza mu 2013 kazi juu ya mipango ya mji wetu: picha za zone neutre kutoka angani, zimepangwa kando ya picha za wadudu waliotunzwa ku Musée yetu. Kuko pia picha ya zamani ya kampeni ya kuua mainzi, ambapo kila mfanyakazi alidaiwa mainzi 50 kwa siku. Akaunganisha ramani, mbu na inzi, na mtu anaona ubaguzi mara moja. Alianza na vitu vilivyo hapa: kabati la wadudu na ardhi tunayovuka kila siku.

Mtu atasema: tuzo zinataka Kiingereza, zinataka thesi, zinataka pesa ya ndege. Ni kweli. Yav hakuwa na hata kimoja, na tuzo haikumfikia. Lakini mji ulipata historia yake.

Kwa hiyo, wewe unayeandika kazi ya iniversite juu ya Ruashi, Kenya ama mitaa mipya ya Annexe, usiinakili ile ya mwaka jana. Andika tarehe ambayo parseli zilikatwa. Chora ramani kwa mkono kama huna kompyuta. Uliza wazee nani alipewa, nani alifukuzwa. Fanya kurasa mbili kwa Kiswahili, uwarudishie waliokujibu, na acha nakala zaidi ya moja, mahali zaidi ya pamoja. Kisha tuma ku tuzo yoyote unayoona.

Wazee wenye kukumbuka hawangoji majaji. Kila msiba mu mtaa ni ukurasa unaokwenda, na ukurasa ule haurudi hata kwa Simba wa Dhahabu.