Usharika na Ushirika: Jinsi Utaratibu Mpya wa Usimamizi Unavyoota Mizizi

Tunapoadhimisha miaka mia moja ya Usharika wetu, tunayo sababu ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya wote waliotutangulia: wainjilisti, wachungaji, wazee wa Kanisa, akina mama na wanakwaya, ambao habari zao zimeelezwa katika sura nyingine za kitabu hiki. Sura hii inahusu jambo ambalo ni nadra kupigwa picha, nalo ni usimamizi. Ni nani hushika ufunguo wa sanduku la sadaka? Ni nani huandika katika daftari, na ni nani mwenye haki ya kulifungua na kuuliza? Maswali hayo huonekana madogo, lakini jumuiya nyingi zimesimama au kuanguka kwa sababu yake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kanisa lilikutana na maswali haya tangu mwanzo. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinaeleza manung'uniko yaliyotokea Yerusalemu kwa kuwa wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakujitwika kazi hiyo wenyewe. Waliitaka jumuiya ichague watu saba wenye sifa njema, kisha wakawaombea na kuwawekea mikono. Huo ulikuwa utaratibu mpya wa usimamizi: ulitokana na haja ya kweli, uligawa madaraka, na wahusika wenyewe waliuchagulia watu wa kuutekeleza.

Je, utaratibu wa namna hiyo huzaliwaje, nao hupokelewaje na watu ambao hawakuubuni? Sisi wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro tunao mfano ulio karibu nasi sana. Katika Kanisa letu la Kilutheri jumuiya ya waumini huitwa usharika. Chama cha wakulima huitwa ushirika. Maneno haya mawili ni ya shina moja, na kwa vizazi kadhaa watu wake wamekuwa walewale: Jumapili ibadani, na katikati ya wiki kwenye mizani ya chama cha msingi wakiwa na kahawa yao. Kwa hiyo historia ya ushirika inaweza kuufundisha usharika.

Mwanzo wake: njaa ya Rhineland

Safari ya utaratibu huu inaanzia mbali na kwetu. Mwaka 1845 Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mkristo wa Kiinjili aliyezaliwa mwaka 1818, aliwekwa kuwa meya wa eneo la Weyerbusch katika Rhineland, sehemu ya Prussia wakati ule. Majira ya baridi ya mwaka 1846 kuingia 1847 yalileta njaa baada ya mavuno kuharibika. Raiffeisen aliwakusanya wenye uwezo wachange fedha, ikajengwa tanuri ya kuokea mikate, na maskini wakapata mkate kwa bei nafuu. Alipohamia Flammersfeld alianzisha mwaka 1849 chama kingine cha kuwasaidia wakulima maskini wasinaswe na wakopeshaji wa riba kubwa. Mwaka 1854 alianzisha cha tatu huko Heddesdorf.

Vyama hivyo vyote vilikuwa na kasoro moja. Vilitegemea huruma ya matajiri, na huruma hiyo ilipopungua, chama nacho kilidhoofika. Aidha, aliyesaidiwa hakuwa mwanachama. Alikuwa mpokeaji tu, asiye na sauti wala wajibu. Ilimchukua Raiffeisen takriban miaka kumi na saba ya kujaribu na kusahihisha hata akafikia utaratibu uliodumu. Mwaka 1864 chama cha Heddesdorf kiligeuzwa kuwa chama cha mikopo ambamo mkopaji mwenyewe alipaswa kuwa mwanachama. Wanachama wote walidhamini kwa pamoja madeni ya chama. Viongozi walitumika bila mshahara. Faida haikugawanywa, bali iliwekwa katika mfuko wa akiba. Na eneo la chama lilitakiwa kuwa dogo, likilingana na parokia moja, ili watu wafahamiane tabia na shughuli zao.

Sharti hili la mwisho ndilo lililobeba mengine. Mkulima maskini hakuwa na hati wala dhahabu ya kuweka rehani. Rehani yake ilikuwa kujulikana na jirani zake. Mwaka 1866 Raiffeisen alieleza utaratibu wake katika kitabu, nao ukaanza kuigwa katika vijiji vingine vya Ujerumani na baadaye nje yake. Alifariki mwaka 1888.

Utaratibu wasafiri: kupitia India

Wakati huo Serikali ya Waingereza nchini India ilikuwa ikihangaishwa na madeni ya wakulima. Serikali ya Madras ilimtuma ofisa wake, Frederick Nicholson, kuchunguza benki za wakulima huko Ulaya, naye akatoa taarifa yake katika miaka ya 1895 na 1897. Alihitimisha kwamba haja ya India haikuwa sheria au mtaji pekee. Ilimpasa kumpata mtu wa mfano wa Raiffeisen, atakayekaa na wanakijiji na kuwafundisha.

Hata hivyo, mtu wa namna hiyo hapatikani kwa amri ya Serikali. Sheria ya vyama vya ushirika vya mikopo iliyopitishwa India mwaka 1904 iliweka mahali pake ofisa wa Serikali, yaani Mrajis, mwenye mamlaka ya kuandikisha chama, kukikagua na hata kukivunja. Sheria ya mwaka 1912 iliongeza nafasi ya vyama vidogo kuungana katika chama kikuu. Hapo utaratibu ulikuwa umebadilika njiani. Kule Ujerumani chama kilitangulia na sheria ikafuata. India sheria ilitangulia na chama kikafuata. Mabadiliko haya yalikuwa na faida, kwa maana ukaguzi wa hesabu ulipata nguvu. Lakini yalikuwa na hatari pia: mwanachama angeweza kudhani kuwa chama ni mali ya Serikali. Sheria za India zikawa kielelezo kwa makoloni mengi ya Uingereza, na Tanganyika ilipata sheria yake ya vyama vya ushirika mwaka 1932.

Kahawa ya Kilimanjaro

Sheria hiyo haikuwakuta watu wa Kilimanjaro wakiwa wamelala. Mbegu ya kahawa iliyoletwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa imekwisha kuenea katika vihamba vya Wachagga, na walowezi wa Kizungu walilipinga jambo hilo. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, na rais wake wa kwanza alikuwa Joseph Merinyo, mtu aliyepata elimu yake katika shule ya misioni ya Kilutheri. Chama hicho kilitetea haki ya wazalendo kulima kahawa, kilipambana na wadudu waharibifu wa zao hilo, na kiliwawezesha wakulima kuuza kwa pamoja. Kilitokana na haja iliyofahamika na kila mwenye kihamba.

Mwaka 1933 KNPA ilipisha chama kikuu kipya, KNCU, chenye vyama vya msingi chini yake kwa mujibu wa sheria ya 1932. Kwa upande wa hesabu na masoko muundo huu ulikuwa bora kuliko ule wa kwanza. Lakini meneja wake alikuwa Mzungu, na wakulima walilazimishwa kuuza kahawa yao kwa njia ya KNCU pekee. Bei zilipokuwa chini katika miaka ile ya mdororo wa uchumi, mkulima aliyelazimishwa hakuona soko la dunia. Aliona chama kilichomnyang'anya hiari yake. Mwaka 1937 ghasia zilizuka, na baadhi ya maghala ya vyama vya msingi yakashambuliwa. Watu walewale waliojiunga kwa bidii mwaka 1925 walikuwa sasa wakikipiga mawe kile kilichotakiwa kuwa chao.

Jambo hili linahitaji kutafakariwa kwa makini. Wakulima hawakukataa kuuza kwa pamoja, maana walikuwa wakifanya hivyo kabla ya sheria. Walichokataa ni kupoteza sauti yao. KNCU ilivuka dhoruba hiyo, na baada ya Vita Kuu ya Pili, bei zilipopanda, ilipata kuwa mojawapo ya vyama vikuu vyenye nguvu zaidi katika Afrika. Si ajabu kwamba Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa mwaka 1963 kilijengwa Moshi. Mwaka 2014 kilikuwa Chuo Kikuu kamili.

Pigo lililofuata halikutoka kwa wanachama. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama hivyo virudi, na KNCU ikaanza upya mwaka 1984. Kisha katika msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wa kahawa waliruhusiwa kuingia, na chama kikapaswa kushindana. Katika miaka ya 2000 baadhi ya vyama vya msingi vilijitoa KNCU na kuuza kahawa yao wenyewe mnadani Moshi, katika umoja uliojulikana kwa jina la G32. Wako waliouita uasi. Lakini mtu aliyeijua historia ya 1925 angeweza kuona kwamba wakulima walikuwa wakiuliza tena swali lilelile: ni nani hushika daftari?

Njia ya Kanisa

Kanisa letu nalo lilipita njia inayofanana na hiyo. Wamisionari wa Leipzig walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893 walishika wenyewe madaraka mengi ya uongozi na fedha. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliondolewa nchini. Wamisionari Walutheri kutoka Marekani waliofika kusaidia walikuwa wachache, na mzigo mkubwa ukawaangukia walimu na wazee wazalendo. Hao walifundisha, walikusanya sadaka na walitunza nidhamu ya waumini hadi Wajerumani walipoanza kurejea katikati ya miaka ya 1920. Vita Kuu ya Pili vilipoanza mwaka 1939, wamisionari Wajerumani waliondolewa kazini kwa mara nyingine, na kwa mara nyingine Kanisa halikufa.

Hakuna aliyeupanga utaratibu huo kwenye karatasi. Ulilazimishwa na dhiki, lakini ulikuta watu waliokuwa tayari kuubeba. Ndiyo maana tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na Askofu Stefano Moshi akawa Mkuu wake wa kwanza, katiba mpya haikuwa nguo ya kuazima. Ilithibitisha uwezo ambao wazee wa sharika walikwisha kuuonyesha kwa zaidi ya miaka arobaini.

Somo kwa karne ya pili

Tukiyatazama haya yote, tunaona mambo matatu. Kwanza, utaratibu bora haukuzaliwa ukiwa kamili. Raiffeisen aliunda vyama vitatu kabla ya kufikia kile kilichodumu, na alikubali kuachana na njia iliyompa sifa ya ukarimu ili ashike ile iliyowapa maskini wajibu. Pili, utaratibu hubadilika unaposafiri, na anayeupokea hana budi kuuliza ni nini kilichoongezwa au kuachwa njiani. Tatu, watu hutunza kile ambacho wanaruhusiwa kukihoji.

Karne yetu ya pili inaanza na taratibu nyingi mpya mlangoni: mpango mkakati, hesabu zinazotunzwa kwa kompyuta, sadaka zinazotumwa kwa simu, SACCOS na vikundi vya kuweka na kukopa. Kila moja ya hizo yaweza kuwa baraka. Lakini hesabu iliyo ndani ya kompyuta ambayo mzee wa mtaa hawezi kuisoma ni daftari lililofungwa, hata kama tarakimu zake zote ni sahihi. Mpango mkakati ulioandikwa na mtaalamu na kupitishwa kwa dakika chache katika mkutano mkuu utakuwa na wasifiaji wengi na watekelezaji wachache. Na msharika anayetuma sadaka yake kwa simu asipoelezwa imefanya kazi gani, ataanza kuihesabu kama kodi.

Kwa hiyo Baraza la Wazee linapoletewa utaratibu mpya, na liulize kwanza: umetokana na haja gani ya washarika? Utajaribiwa wapi, kwa muda gani, na nani atakuwa na ruhusa ya kusema kwamba haufai? Taarifa ya fedha na isomwe kwa lugha ambayo bibi wa kiti cha nyuma ataielewa, na maswali yake yajibiwe kwa heshima. Watakaoandika kitabu cha miaka mia mbili watayafungua madaftari yetu. Mungu atujalie tuyaandike vizuri, na tuyaache wazi.