Chungu Kimoja cha Mishahara

Mwezi wa Februari mwaka 2025 nilikuwa Kansas City, Marekani, kwa binti yangu. Usiku wa fainali ya futiboli yao, ile waiitayo Super Bowl, nilikaa mbele ya televisheni pamoja na mkwe wangu na mjukuu wangu wa miaka kumi na minne. Timu ya mji huo, Kansas City Chiefs, ilikuwa ikitafuta ubingwa wa tatu mfululizo. Badala yake ilichapwa na Philadelphia Eagles 40 kwa 22, na kijana anayeiongoza, Patrick Mahomes, aliangushwa chini na mpira wake mara sita. Mjukuu wangu alifuta machozi kwa mkono wa shati, akasema: “Babu, hatuna watu wa kumkinga kwa sababu pesa zote amepewa yeye.”

“Zote?” nilimwuliza.

“Siyo zote, Babu. Lakini kuna kikomo. Ukimpa huyu, yule anakosa.”

Nilikuwa nimekwisha kusinzia mara mbili katika mchezo ule, walakini maneno hayo yaliniamsha. Miaka mingi ya ukuu wa shule nilikuwa mgawaji wa mafungu madogo, na mgawaji akisikia habari ya chungu kimoja hawezi kulala. Siku zilizofuata nilimsumbua mkwe wangu kwa maswali, na nikasoma kila nilichopewa.

Msomaji asiyeujua mchezo huu anivumilie kidogo. Uwanjani huwa watu 11 kila upande, lakini klabu huwa na wachezaji 53, maana wanaoshambulia sio wanaolinda, na apigaye mpira kwa mguu kazi yake ni hiyo tu. Miongoni mwa washambuliaji yuko mmoja aitwaye kwotabeki. Karibu kila mchezo unapoanzishwa upya yeye ndiye anayepokea mpira, na kufumba na kufumbua hana budi kuamua: amrushie mwenzake aliye mbali, amkabidhi aliye karibu, au akimbie nao mwenyewe. Mbele yake husimama wanaume watano wenye miili kama makabati, ambao kazi yao ni kuwazuia adui wasimfikie. Hao aghalabu hawaugusi mpira kabisa, na watazamaji wengi hawajui hata majina yao.

Kwotabeki kulipwa kuliko wenzake si jambo la jana. Mwaka 1965 Joe Namath, kijana aliyetoka Chuo Kikuu cha Alabama, alitia sahihi na New York Jets kwa dola 427,000, fedha zilizowaacha watu wa wakati ule midomo wazi. Lakini hizo zilikuwa siku za ligi mbili kugombania wachezaji. Zilipokubaliana kuungana mwaka 1966, mchezaji alirudi kuwa na mnunuzi mmoja tu. Ndani ya ligi hiyo moja, NFL, hata aliyemaliza mkataba wake hakuwa huru hasa, kwa kuwa klabu iliyomtaka ilipaswa kuifidia ile aliyoiacha, na mkuu wa ligi, Pete Rozelle, ndiye aliyekata fidia kama klabu hazikuelewana. Ni nani angenunua bidhaa ambayo bei yake itatajwa baadaye na mtu mwingine?

John Mackey, mchezaji wa Baltimore Colts aliyekuwa pia kiongozi wa chama cha wachezaji, alilipeleka jambo hilo mahakamani na mwaka 1976 mahakama ya rufani ikasema ni kinyume cha sheria. Cha ajabu ni kwamba mwaka uliofuata chama chenyewe, katika mapatano, kilikubali sehemu kubwa ya vizuizi irudi ili kipate mengine. Mwaka 1982 waligoma kwa siku 57 wakidai asilimia 55 ya mapato ya ligi. Hawakuipata. Mwaka 1987 wakagoma tena, na safari hii wenye klabu wakaokota wachezaji wengine, wakawavika jezi, michezo ikaendelea. Mgomo ule ulivunjika katika siku 24. Nimewahi kuona migomo ya wanafunzi iliyodumu zaidi, na yenye chakula kibaya zaidi.

Njia iliyobaki ilikuwa mahakama. Mwaka 1989 chama kilijivua madaraka ya chama cha wafanyakazi ili wachezaji waweze kuishitaki ligi kwa sheria inayowakataza wafanyabiashara kula njama ya kuua ushindani. Mwaka 1992 baraza la wazee wa mahakama mjini Minneapolis likawapa wachezaji ushindi. Kesi nyingine ikafuata kwa jina la Reggie White, mlinzi mashuhuri wa Philadelphia ambaye pia alikuwa mhubiri, na wenye klabu wakaona heri suluhu. Mwaka 1993 mchezaji aliyekaa miaka ya kutosha na kumaliza mkataba aliruhusiwa kwenda atakako. White mwenyewe alikwenda Green Bay, mji mdogo wa baridi kali, kwa dola milioni 17 za miaka minne.

Lakini uhuru ule ulikuwa na bei, na bei yake ndiyo hicho kikomo. Kuanzia mwaka 1994 kila klabu iliambiwa isivuke dola milioni 34.6 kwa mishahara ya wachezaji wake wote. Kiasi hicho hukadiriwa upya kila mwaka kutokana na fungu la mapato ya ligi ambalo wachezaji wamepatana kulipata. Mapato yakikua, nacho hukua. Mwaka 2025 kilifika dola milioni 279.2. Kilishuka mwaka 2021 kwa ajili ya ule ugonjwa wa korona, ambao uliviacha viwanja vitupu. Kabla ya hapo mchezaji alikuwa akivutana na tajiri wake. Baada ya hapo anavutana pia na mwenzake wa chumba cha kubadilishia nguo, wapende wasipende.

Sasa nieleze ujanja wake, maana ndipo penye utamu. Klabu humpa mchezaji bonasi nene siku ya kutia sahihi. Fedha anazipata, lakini katika daftari la kikomo zinagawanywa kwa miaka ya mkataba, isizidi mitano. Dola milioni 50 zilizolipwa leo zitaandikwa milioni 10, milioni 10, hadi mwaka wa tano. Kwa hiyo timu huweza kulipa leo na kuhesabiwa kesho. Jalen Hurts, kwotabeki wa hao Eagles waliotuliza, alikuwa ametia sahihi mwaka 2023 mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 255. Lakini katika daftari la msimu ule waliochukua ubingwa alihesabiwa chini ya milioni 14. Nafasi iliyobaki walipewa watu wengine, na hao wengine ndio waliomwangusha Mahomes mara sita.

Deni la daftari, hata hivyo, halifi. Mchezaji akiachwa kabla ya muda wake, yale yaliyosogezwa mbele huangukia klabu kwa mkupuo, na wenyewe huziita fedha mfu: zinakula nafasi na hakuna mtu uwanjani. Mfano mkubwa ni Russell Wilson. Alichaguliwa na Seattle mwaka 2012 katika raundi ya tatu, kama mtu asiyetarajiwa makuu, na Februari 2014 akawapa ubingwa huku mshahara wake wa mwaka ukiwa nusu milioni na ushee. Kwa bei hiyo ya nahodha, Seattle iliweza kujaza chombo mabaharia. Mwaka 2022 alihamia Denver na kuongezewa mkataba wa zaidi ya dola milioni 240. Kumbe mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Machi 2024 walimwacha, na katika daftari lao zikabaki dola milioni 85 za mtu ambaye hayupo, zikagawanywa katika misimu miwili.

Habari ya Wilson inaonyesha pia kwa nini kila klabu inatamani kwotabeki kijana. Zamani hata mgeni alilipwa kama mfalme: mwaka 2010 Sam Bradford, kabla hajarusha mpira hata mmoja katika ligi, alipata mkataba wa dola milioni 78 kwa miaka sita, 50 kati yake zikiwa na dhamana. Wakongwe walinung’unika, na si bure. Katika mapatano ya mwaka 2011 mishahara ya wageni ilipangiwa viwango. Cam Newton, aliyekuwa wa kwanza kuchaguliwa mwaka huo, alipata milioni 22 kwa miaka minne. Kuanzia hapo klabu yenye kijana hodari ina miaka michache ya neema kabla hajadai chake. Brock Purdy, mtu wa mwisho kabisa kuchaguliwa mwaka 2022, wa 262, aliifikisha San Francisco fainali akiwa na mshahara usiofika milioni moja. Mwaka 2025 alitia sahihi milioni 265 kwa miaka mitano. Simlaumu. Mifupa ni yake.

Nami nilikuwa na chungu changu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika shule ya sekondari niliyokuwa mkuu wake, wazazi walikubali mchango wa kuwapa walimu posho juu ya mshahara wa serikali. Walimu walikuwa kumi na wanane. Nilikuwa na mwalimu mmoja wa hisabati ambaye sijapata kuona mfano wake, hata katika miaka niliyofundisha chuo cha ualimu, na shule moja ya binafsi ilikuwa inamwita. Nikampa theluthi ya mchango wote ili asiondoke. Waliobaki waligawana kilichobaki.

Matokeo ya hisabati ya kidato cha nne yalipanda, wazazi wakanipigia makofi. Kisha jioni moja akaja ofisini mwalimu wa Kiswahili, mtu wa makamo, ambaye kila juma alisahihisha insha mia moja na sitini kwa taa ya chemli. Hakukaa. Alisema: “Mkuu, hesabu zako nimeziona, na sizikatai. Nataka kujua tu, mimi uliniweka fungu gani?” Nilimjibu maneno mengi, na hata moja silikumbuki. Aliacha kusimamia masomo ya jioni, na mwisho wa mwaka akaomba uhamisho. Yule wa hisabati alikaa miaka miwili, kisha naye akaenda kwa wale waliokuwa wakimwita.

Nilimsimulia mkwe wangu kisa hiki. Akasema, “Baba, ulikuwa na haki. Bila mtu wa hisabati shule ingeanguka.” Huenda. Mahomes naye mwaka 2020 alipewa mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya dola milioni 450, na miaka miwili baadaye klabu ikamwachia Tyreek Hill, mkimbiaji wao mwepisi kuliko wote, aende Miami, ambako alipewa milioni 120 za miaka minne. Watu wa Kansas City walilia. Misimu miwili iliyofuata walichukua ubingwa yote miwili. Kwa hiyo mjukuu wangu alitia chumvi usiku ule. Hesabu ya nahodha na mabaharia haina jibu moja, na nimewapa sifuri wanafunzi wengi waliodhani kila hesabu inalo.

Nilirudi nyumbani mwanzoni mwa Machi. Mwezi huohuo simu ililia usiku, na kabla hata ya shikamoo nikasikia, “Babu, wamemtoa Thuney!” Joe Thuney ni mmoja wa wale makabati, tena kati ya walio bora katika ligi nzima. Timu iliyotoka kumwona nahodha wake akiangushwa mara sita ilikuwa imempeleka Chicago, maana ilikuwa imetenga dola zaidi ya milioni 23 za mwaka mmoja kumzuia mwenzake, Trey Smith, mdogo wake kwa umri, asiondoke.

“Sasa yule Thuney wamempeleka kwa kupata nini?” nilimwuliza.

“Nafasi ya kuchagua mchezaji mmoja, Babu. Raundi ya nne. Mwaka ujao.”